Bunduki ya Kambo: Shaba, Ngozi na Misumari juu ya Silaha za Kushindilia huku Sakania

Katika vijiji vya ile sehemu ya nchi yetu inayoingia ndani ya Zambia kama kiatu, ambayo kwa Kifaransa inaitwa "la Botte de Sakania", kuna nyumba ambamo utaona kitu kirefu kimefungwa katika kitambaa cheusi na kulazwa juu, chini ya majani, pale moshi wa moto unapopita. Ukiuliza ni nini, watoto wanaangalia chini. Mwenye nyumba anajibu: "Ni kintu ya kambo." Na maneno yanaishia pale.

Kitu hicho ni bunduki ya kushindilia, ambayo baruti na risasi vinaingia kwa mdomo wa mtutu na kusukumwa kwa fimbo ya chuma inayoitwa mdeki. Kule Tanzania wanaiita gobore. Wabelgiji katika vibali vyao waliandika bunduki ya pistoni. Katika kurasa hizi hatumfundishi mtu kutengeneza silaha, na kila msomaji anajua kwamba sheria ya 1985 juu ya silaha inataka kibali. Tunataka kuzungumza juu ya jambo moja tu ambalo wanahistoria wetu wa shule wanaliruka: mapambo ambayo mababu waliyaweka juu ya bunduki hizo kwa mikono yao wenyewe, nyumbani, mbele ya mlango.

Watu wengi wanafikiri mapambo yale yalikuwa ya kujionyesha. Sisi pia tulifikiri vile, na tulifundisha vile, mpaka mwaka 2004 tulipowapeleka wanafunzi wa mwaka wa tano kwa mzee mmoja, safari ya nusu siku kwa baiskeli kutoka Sakania. Tutarudi kwake. Kwanza tuseme bunduki zenyewe zilitoka wapi.

Zilifika kwa njia mbili. Moja ilitoka mashariki, Pwani ya Bahari ya Hindi, ikapitia Unyanyembe. Ya pili ilitoka magharibi, Benguela, ikapitia Bihe katika Angola ya leo. Katikati ya karne ya 19 Ngelengwa, yule tunayemjua kwa jina la M'siri, alikuja kutoka upande wa Wanyamwezi, akajenga Bunkeya, akazishika njia zote mbili. Mmisionari Frederick Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, alipita njia hiyo ya Benguela. Kwa upande wa kusini, Balala na Balamba waliijua bunduki pia kwa mikono ya Wachikunda waliopanda kutoka mto Zambezi kutafuta pembe na watu.

Na watu, ndiyo. Tusidanganyane. Bunduki hizi zililipwa kwa pembe za ndovu, kwa shaba, na kwa watumwa. Kuna vijana wanaotaka tuandike kwamba kila kitu cha mababu kilikuwa safi. Mtutu ambao leo tunausifu kwa shaba yake inayong'aa, inawezekana uliingia nchini kwa bei ya msichana wa kijiji cha jirani. Mwenye kupenda mila apende na ukweli huo.

Bunduki nyingi za njia ya Benguela zilitengenezwa Liège, Ubelgiji, kwa ajili ya kuuzwa Afrika tu. Wareno waliziita "lazarina", ju ya jina lililoandikwa juu ya mtutu: Lazarino. Huyo Lazarino Cominazzo alikuwa fundi maarufu wa mitutu wa Gardone, Italia, katika karne ya 17. Alikuwa amekufa zamani sana. Mafundi wa Liège walichukua jina lake na kulipiga juu ya mitutu ya bei nafuu ili mnunuzi aamini kwamba ni kazi nzuri. Kwa hiyo pambo la kwanza kabisa la bunduki hizi, lile lililotoka nazo kiwandani, lilikuwa uongo. Wanafunzi wetu walicheka sana walipolisikia.

Sasa fikiria bunduki ile ya bei nafuu inafika huku. Imebebwa kwa kichwa miezi mingi, imenyeshewa, imelala katika jua. Mbao zake za Ulaya hazikuzoea. Wakati wa kiangazi zinapasuka, wakati wa mvua zinavimba, na mchwa wanazimaliza. Mtutu unabaki, kitako kinaoza. Ndipo mwenye bunduki anaingia porini, anakata mulombwa, ule mti ambao Watanzania wanauita mninga, anauacha ukauke vizuri, halafu anachonga kitako kipya kwa shoka ndogo na kisu. Hakuna kitabu cha kufuata. Anachonga kwa kipimo cha bega lake mwenyewe. Ndiyo maana bunduki mbili za mtutu mmoja wa Liège, baada ya miaka ishirini huku kwetu, hazikufanana tena: moja kitako chake kilikuwa kinene kama mguu wa kiti cha mfalme, nyingine chembamba na kilichopinda kama mpini wa jembe.

Hapa ndipo tunaanza kuelewa mapambo. Waya wa shaba uliozungushwa pale mtutu unapokutana na mbao ulishikanisha vitu viwili ambavyo vingeachana wakati wa kupiga. Ngozi mbichi iliyovalishwa juu ya shingo ya kitako ilikauka, ikajikaza, ikafunga ufa kwa nguvu kupita kamba yoyote. Kipande cha bati kilichopigiliwa pembeni kilificha tundu la mchwa. Vyote hivyo vilikuwa matengenezo kwanza. Uzuri ulikuja nyuma yake, ju ya mtu aliyezungusha waya mara kumi kwa kufunga, hakuona sababu ya kuuzungusha vibaya. Akauzungusha sawasawa, akaacha nafasi, akazungusha tena. Mke wake alikuwa na waya ule ule kwenye miguu.

Tunasema waya ule ule kwa maana kamili. Katanga ilijua kuvuta waya wa shaba zamani sana mbele ya Union Minière. Bayeke walikuwa mabingwa: walifua fimbo ya shaba, wakaipitisha kwa nguvu katika tundu la chuma, halafu katika tundu dogo zaidi, halafu dogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Uzi huo waliuzungusha juu ya nyuzi za miti au nywele za wanyama na kufanya bangili laini, nsambo, ambazo zilikwenda mbali sana kwa biashara. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya wafuaji hao mwaka 1926 na kuwaita "wala shaba". Shaba yetu iliingia katika bunduki mpaka ndani: risasi zilipokosekana, watu wa M'siri walimimina risasi za shaba. Hebu tazama jambo hilo. Chuma kinatoka Liège, lakini kinachokifunga kwa nje na kinachotoka mdomoni mwake ni shaba ya Katanga.

Baruti ilikuwa neno lingine. Hiyo ilitegemea njia za biashara. Wakati Basanga walipomwasi M'siri, kuelekea mwaka 1891, njia zilikuwa mbaya na baruti ikawa haba. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga M'siri risasi, akafa, na Bodson naye akajeruhiwa palepale, akafa baadaye. Mambo hayo yanajulikana. Jambo lisilojulikana sana ni karatasi iliyotiwa sahihi Brussels mwaka mmoja na nusu mbele yake, tarehe 2 Julai 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba bunduki mpya zenye mtutu wa michirizi zisiuzwe kwa Waafrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta. Zilizoruhusiwa zilikuwa paka za gumegume, zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Kusudi walilolitangaza lilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, lakini lilikuwa pia na faida ya pili ambayo hawakuiandika.

Matokeo yake ni kwamba mtoto na mjukuu hawakuweza kutupa bunduki ya babu na kununua nyingine bora. Walibaki nayo, wakaitengeneza, wakaipamba tena juu ya mapambo ya kwanza. Ndiyo maana bunduki hizi zina tabaka, kama vitunguu. Sheria ya Wazungu ilitaka tubaki nyuma, na bila kujua ikatuhifadhia kitabu.

Juu ya misumari ya kichwa cha mviringo, ile ya shaba ya manjano, mabingwa walikuwa Bachokwe. Wale wa kwetu wanakaa upande wa Dilolo na Sandoa, na ndugu zao wengi wako Angola na Zambia. Misumari hiyo Ulaya ilikuwa kwa kushikiza vitambaa juu ya viti. Bachokwe waliipigilia juu ya viti vya wafalme, juu ya fimbo, juu ya vichana, na juu ya vitako vya bunduki, mistari kwa mistari. Wao pia walikuwa mafundi wakubwa wa kutengeneza bunduki zilizoharibika. Shujaa wao Chibinda Ilunga, mwindaji aliyekuja kutoka kwa Baluba na kumwoa Lueji wa Balunda, hadithi inamweka zamani kabisa, wakati wa upinde na mshale. Lakini wachongaji wa karne ya 19 walipomchonga, katika sanamu nyingine walimpa mkononi bunduki ya gumegume. Wengine wanasema ni kosa la historia. Sisi hatuoni kosa. Kwa wachongaji wale, mwindaji asiye na bunduki hangetambulika tena.

Kwa Balamba mwindaji mkubwa anaitwa mupalu, na upalu haukuwa kazi ya kila mtu anayejua kulenga shabaha. Ulihitaji mipashi, yaani roho za waliotangulia, na mara nyingi mwindaji mmoja wa zamani ndiye anayemtafuta mjukuu na kumpa kazi yake. Kwa jirani zetu Bandembu wa Mwinilunga, Zambia, mtafiti Victor Turner aliyekaa nao katika miaka ya 1950 alikuta majina mawili: wubinda, uwindaji wa zamani wa upinde na mitego, na wuyang'a, chama cha wawindaji wa bunduki, chenye ibada zake. Bunduki ilikuwa imepata dini yake ndani ya vizazi vichache. Kwa hiyo tunapoona juu ya kitako kipembe kidogo kilichozibwa kwa nta, au kifuko cha ngozi kilichoshonwa na hakifunguki, tusiseme haraka ni pambo. Ni bwanga. Wamisionari wengi waliwaomba Wakristo wapya wang'oe vitu hivyo, na kwenye vitako vingine alama ya gundi bado ilionekana pale kipembe kilipokuwa.

Sasa turudi kwa mzee wetu.

Tulikuwa na wanafunzi kumi na wanne. Mzee alitupokea vizuri, akatupa viti, akakataa kuzungumza juu ya bunduki mpaka tulipokula. Halafu akaingia ndani na kutoka nayo. Ilikuwa ndefu kupita msichana wetu mmoja. Haikuwa na jiwe la gumegume tena. Mtu aliibadilisha ili ipige kwa fataki, na kazi hiyo ilionekana ya fundi mwingine. Kitako kilikuwa cha mulombwa, chekundu-cheusi, kimeng'aa kwa mafuta na shavu za watu watatu. Waya wa shaba ulizungushwa mahali patano. Mafungo mawili yalikuwa ya waya mwembamba usio sawa, wa kufuliwa kwa mkono. Matatu yalikuwa ya waya mnene ulio sawa kabisa, wa kiwandani. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliuliza: "Tata, huu haukuwa waya ya simu?" Mzee alicheka, hakujibu. Reli ilifika Sakania mwisho wa 1909 na Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Elisabethville, mwaka 1910, na nyaya zilifuatana nayo. Hatukusisitiza.

Upande wa kushoto wa kitako kulikuwa na misumari ya shaba ya manjano kumi na saba, katika mstari usionyooka. Tundu moja lilikuwa tupu. Na katikati, sarafu imepigiliwa. Ilikuwa ya Kongo ya Wabelgiji, santimu 10, yenye tundu katikati na nyota kuzunguka tundu, mwaka 1911. Tuliwaambia wanafunzi: tazameni, huyu kambo hakuandika tarehe, lakini ametupa moja. Msumari wa sarafu hii haukupigwa mbele ya 1911. Ilikuwa somo letu bora la historia mwaka ule, na hatukuwa tumelitayarisha.

Mzee akaweka kidole juu ya msumari wa kwanza. "Hapa njo mbogo ya kwanza. Hii, mbogo ya pili, njo ile ilimuvunjaka kambo mukono. Hii hapa, simba; ilikulaka mbuzi ya bantu ya Mokambo." Akaendelea mpaka wa tisa, kila mmoja na mahali pake, mto wake, nani alibeba nyama. Wanafunzi waliandika mbio mbio.

Mdogo wake alikuwa amekaa pembeni, anavuta tumbako. Akasema polepole: "Bana, musiandike yote. Ile misumari baba aliitoaka ku kiti ya Mugiriki wa duka, kiti kilivunjikaka, wakamupa. Aliipiga yote siku moja. Mi nilikuwa pale."

Ukapita ukimya. Sisi waalimu tunapenda shahidi mmoja, ju ya shahidi mmoja hana matata. Lakini tulikuwa na wawili. Mkubwa hakukasirika. Alisema: "Kiti, ndiyo. Lakini kwa nini hakupiga kumi na nane? Tundu iko." Na kweli tundu la kumi na nane lilikuwapo, limetobolewa na kuachwa.

Mpaka leo hatujui nani alisema sawa. Tunafikiri wote wawili. Misumari ilipigwa pamoja, kutoka kiti cha Mgiriki, kwa sababu ilipatikana siku ile. Lakini mtoto aliyekua chini ya bunduki ile, akisikia hadithi za mawindo kila jioni, aliipanga hadithi juu ya misumari ili asiipoteze. Kama ni hivyo, misumari haikuwa hesabu ya kambo bali kumbukumbu ya mjukuu, na kwa mwanahistoria haina thamani ndogo kwa ajili hiyo. Ngozi iliyokuwa shingoni mwa kitako, wote wawili walikubaliana: ni ya mkia wa mbogo yule aliyemvunja mkono. Mkono ulivunjika, na kitako kilivunjika siku ile ile. Kambo alitibu vyote viwili kwa mnyama yule yule.

Wanafunzi walichora. Tulichukua madaftari yao kwa kuyasahihisha.

Tulirudi mwaka 2009. Mzee alikuwa amekufa, na mdogo wake pia. Watoto walitueleza bila kuficha. Miaka ile ya vita na baada ya vita, kuwa na bunduki nyumbani, hata ya zamani isiyopiga, ilikuwa hatari: wenye silaha wakipita wanakuita mwasi, wakuu wakipita wanakudai kibali. Sehemu nyingine za Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walirudisha silaha wakapewa baiskeli. Hatuwalaumu hata kidogo. Baiskeli inapeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitali, na sisi wenyewe kama tungekuwa na bunduki tungeuliza baiskeli ya rangi gani. Familia hii haikupata baiskeli. Waliutoa mtutu na kuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, vile tunavyoitaka mitraye, kwa kilo. Waya wa shaba aliutaka kwanza. Shaba ilikuwa na bei. Kitako kilikaa nyuma ya nyumba mvua moja, halafu kikawa kuni.

Kwa hiyo waya uliofuliwa kwa mkono, labda wa wakati wa Bunkeya, ulikwenda katika gunia moja pamoja na nyaya za motokari. Fundi aliyeuvuta hakuna atakayemjua. Mtu atasema kuna bunduki nyingine, kuna Musée hapa Lubumbashi na ile kubwa ya Tervuren, Ubelgiji. Ni kweli. Lakini katika makabati ya namna hiyo mara nyingi karatasi inasema paka kabila na mwaka wa kupokelewa. Haisemi nani alivunjika mkono, wala haina mdogo wake wa kukaa pembeni na kukanusha. Kitu hicho kinapatikana nyumbani tu, wakati wazee wawili bado wanaweza kugombana.

Na sisi tuna kosa letu. Madaftari yale kumi na manne tuliyaweka shuleni katika sanduku, na sanduku lilinyeshewa. Lilipofunguliwa lilibaki daftari moja linalosomeka, la yule mtoto wa mfanyakazi wa reli. Amechora kitako kwa kalamu ya Bic ya buluu, upande wa kushoto tu. Misumari amehesabu sawa, na tundu la kumi na nane ameliweka mahali pake. Majina ya mito ameandika sita kati ya tisa.

Tuliomba chama hiki kitutolee nakala ya mchoro huo, na iko katika kabati ya ofisi. Mwenye kutaka kuuona aombe kwa katibu. Wenye kuwa bado na kintu ya kambo chini ya majani, hatuombi watuletee. Tunaomba wamwite mtoto anayejua kuchora, wakifungue mchana, na wawaite wazee wawili, si mmoja. Sarafu ya 1911 iko kwa binti wa mzee. Ameifunga pamoja na ufunguo wa nyumba, ju ya tundu lake lilikuwa tayari.